Mjadala: Je, sheria ikataze viwanda vya chai kuchoma kuni?

Mtoa hoja
Viwanda vingi vya chai Kenya, kuanzia Kericho na Nandi hadi Murang'a na Kirinyaga, vinachoma kuni katika boila, matangi ya kuchemshia maji, kupata mvuke wa kunyausha na kukausha chai. Mafuta mazito yaliachwa kwa sababu ya bei. Marufuku ya kukata miti iliyotangazwa 24 Februari 2018 ilihusu misitu ya umma na ya jamii. Ilikuwa ya siku 90, ikarefushwa mara kadhaa hadi Rais Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Boila hazikuacha kuni, wanunuzi waligeukia miti ya mashambani. Hoja yangu: sheria ikataze kabisa kuni katika boila za viwanda, baada ya muda wa mpito. Anayepinga alete hesabu.

Mhifadhi
Naunga mkono, na hesabu ni hii. Kiwanda kinachotoa kilo milioni 4 za chai kavu kwa mwaka, kikichoma kilo 2 za kuni kwa kila kilo ya chai, kinahitaji tani 8,000. Kuni hizo zikiwa na unyevu wa asilimia 20, ukiondoa maji unabaki na tani 6,400, sawa na mita za ujazo 12,800 hivi za mkaratusi. Shamba zuri la nyanda za juu likitoa mita 25 za ujazo kwa hekta kwa mwaka, kiwanda kimoja kinataka zaidi ya hekta 500 zinazokua muda wote. Kisichokuwa nazo kinakata kwa nani? Pengo likitokea, huzibwa na miti ya asili, na gogo likishapasuliwa na kuvuliwa gome, askari wa lango hawezi kulitambua.

Fundi wa boila
Dada Mhifadhi, hesabu yako haina kasoro, ila hiyo kilo 2 si amri ya Mungu. Inategemea kazi ya ndani ya kiwanda.

Anzeni na kunyausha, yaani kupunguza maji ya jani kabla ya kulikausha. Jani bichi lenye unyevu wa asilimia 78 likinyauka hadi 68, mashine ya kukausha inabaki na kilo 2 hivi za maji ya kuondoa kwa kila kilo ya chai. Likiingia na 70, maji hayo yanapanda kwa asilimia 10. Likiingia na 72, asilimia 21. Msimu wa mvua, jani likija limelowa na feni zinavuta hewa yenye unyevunyevu, ndipo kuni huisha bila mtu kujua zimekwenda wapi.

Kisha maji ya boila. Mvuke ukishatoa joto kwenye radieta, mabomba yanayopasha hewa, unarudi maji ya moto. Viwanda vingine vinayamwaga mtaroni na kulisha boila maji baridi. Kila nyuzi 6 unazoongeza kwenye maji yanayoingia zinaokoa takriban asilimia 1 ya kuni, kwa hiyo kutoka nyuzi 25 hadi 85 umeokoa asilimia 10 kwa bomba, pampu na tangi lililofunikwa. Hapo hujagusa vali zinazotenganisha maji na mvuke. Moja ikikwama wazi inapitisha mvuke mzima mchana na usiku.

Sasa hiyo marufuku mnayoitaka. Kilo 2 za kuni, boila ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 65, ni joto la kilowati-saa 5 na kitu kwa kila kilo ya chai. Kwa kilo milioni 4, mnatafuta kilowati-saa milioni 20 kwa mwaka, wastani wa zaidi ya megawati 3 kwa saa 6,000 za kazi. Pampu za joto, mashine za umeme zinazohamisha joto, zinafaa kunyausha, kwa kuwa hewa inayohitajika haizidi sana nyuzi 30. Kukausha kunataka hewa ya nyuzi 120 au zaidi. Tanzania iliagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia 31 Januari 2024, lakini jiko la shule unaliondoa na kuweka la gesi. Boila yenye shinikizo la bar 10 huiondoi hivyo.

Mkulima wa miti
Mnazungumza kana kwamba kuni zinaota zenyewe. Miti ipo mashambani kwa sababu kuna mnunuzi. Mkaratusi wa kuni huvunwa kwenye miaka 7 au 8, kisha kisiki kinachipua na kuvunwa tena. Mkipiga marufuku, mwenye shamba atang'oa visiki apande kitu kingine, na hekta 500 za Dada Mhifadhi zitageuka viazi. Kinachotuumiza ni kipimo. Rundo la mita 1 ya ujazo lina mti wenyewe kama 0.65 tu, na kiwanda kinachonunua kwa kilo kinatupa faida ya kuleta kuni mbichi, kwa sababu maji nayo yanalipiwa.

Mkaguzi wa nishati
Ndugu Mkulima umegusa kiini. Kilo ya kuni yenye unyevu wa asilimia 50 inatoa megajuli 8 hivi, na yenye asilimia 20 inatoa kama 14. Watu hudhani ukikausha mti unapata karibu mara mbili. Sivyo. Tani 1 mbichi ikikauka inabaki kilo 625, na joto lake linapanda kwa asilimia 11 au 12 tu. Faida kubwa iko tanuruni. Kuni mbichi hupoza moto, moshi unatoka bila kuungua, mwendesha boila anafungua mlango kuchochea, hewa baridi inaingia na joto linatoroka kwa bomba. Hapo masizi hupaka mirija, na kila joto la moshi linapopanda kwa nyuzi 20 hivi, umepoteza asilimia 1 nyingine ya kuni.

Kwa hiyo sheria idhibiti unyevu mlangoni pa tanuru. Iandike pia unyevu wa namna gani, maana vipima unyevu vingi vya mkono husoma maji dhidi ya uzito mkavu: kikionyesha 25, kwa uzito wote ni 20, na gogo la asilimia 50 lingesomwa 100. Tena juu ya 30 hivi vipima vya sindano haviaminiki. Pasua gogo, choma sindano katikati, si kwenye ncha iliyokwisha kukauka. Wakibishana, kata kipande, pima, kiweke tanuri la nyuzi 105 hadi uzito usimame.

Kukausha kwenyewe si siri: pasua hadi unene wa sentimita 10 hadi 15, panga juu ya nguzo sentimita 15 kutoka ardhini, paa juu, pande wazi, tarehe kwenye kila rundo, miezi 4 hadi 6.

Mtoa hoja
Na vitofali vya kuchoma vya mabaki ya miwa, kahawa, mpunga?

Fundi wa boila
Vya miwa vinakubalika. Maganda ya mpunga yana majivu hadi asilimia 20, na silika yake, madini magumu kama ya mchanga, inakwangua mirija. Ya kahawa yana potasiamu nyingi. Majivu yanayeyuka, yanashikana mabonge juu ya greti, vyuma vinavyobeba kuni tanuruni, hewa ya chini inaziba, na mtu anaanza kuyavunja kwa nondo moto ukiwaka. Changanya kidogo kidogo na kuni, usibadilishe zote kwa siku moja.

Mhifadhi
Nimekubali unyevu. Sikubali kuacha asili ya mti. Kikomo cha unyevu, tuseme asilimia 25, kitapitisha mti wa asili uliokauka vizuri, tena kwa urahisi, maana mti mkavu uliosimama ndio wa kwanza kuibwa msituni. Kila mzigo uje na kibali cha usafirishaji kinachotaja shamba, na tani za vibali zilinganishwe na kilo za chai iliyouzwa. Kiwanda kikinunua kilo 1.2 kwa kilo ya chai huku boila yake ni ile ile kuukuu, kuna kuni zisizoandikwa.

Mkaguzi wa nishati
Ulinganisho huo nauunga mkono, na unaweza kuanza kesho. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 zilikwisha kuwadai watumiaji wakubwa ukaguzi kila miaka 3, na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Kuni zihesabiwe katika ukaguzi kama huo jinsi umeme unavyohesabiwa, kwa kilo kavu, si kwa rundo. Lililobaki ni nani ajenge mabanda: miezi 6 ya kuni za kiwanda hicho ni tani 4,000, na mkulima mwenye ekari 2 hana pa kuziweka wala hela ya kungoja.