Mwani, majongoo bahari na boti za wageni ghuba moja: nani apewe wapi?

mtepe_77
Wakuu, salamu. Kamati ya wavuvi ya shehia, upande wa Micheweni, Pemba, inachora mpango wa matumizi ya ghuba. Waombaji ni watatu: akina mama wa mwani (kamba kama 3,000), mwekezaji wa vizimba vya majongoo bahari, na boti za kupeleka wageni mwambani. Katikati pana nyasi bahari, makulio ya tasi na changu. Tuanzie wapi? Ramani tuliyonayo ni picha ya setilaiti tu.

Kusi_Mwambao
Msianze na waombaji, mkuu, anzeni na chini ya maji. Kwenye picha ile shamba la mwani na nyasi vyote ni weusi mtupu.

Ngojeni bamvua (maji yanapotoka mbali kabisa), siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Tembeeni kutoka ufukweni hadi mwambani, mstari mmoja kila mita 50. Kila hatua 20 lazeni fremu ya nusu mita kwa nusu mita, mkadirie nyasi zimefunika kiasi gani, mwandike pamoja na GPS ya simu. Kwa kigezo changu, palipofunikwa zaidi ya robo hapapewi mtu. Mkulima hung'oa nyasi ili zisisugue mwani wake, na hata asipong'oa, kivuli cha kamba na nyayo za kila bamvua huzidhoofisha. Mashina yatambaayo mchangani yakikatika, mchanga unahama na kulifukia shamba lile lile.

Siku hiyo hiyo pimeni kina: maji yakitoka kabisa, yabaki walau ya goti. Mkondo mpimeni maji yakiwa nusu, yanajaa au yanatoka. Tupeni kumbi la nazi. Likienda mita 10 kwa sekunde 15 hadi 30, pazuri. Likizubaa, vumbi litaganda kwenye mwani. Likikimbia mno, mtaokota mwani ufukweni.

bintimwani
Kamba 3,000 ni vijiti 6,000, kimoja kila ncha, na wadudu wa baharini wakishavitoboa vinahitajika vingine. Msipoandika vijiti vitoke wapi, vitatoka kwenye mikoko. Pandeni mivinje mapema, kibali kiseme hivyo.

La pili, kina dada wote watataka mwani mnene (cottonii) kwa sababu ya bei. Maji mafupi wakati wa kaskazi hupata joto kali: matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika. Mwani mwembamba (spinosum) ndio unaovumilia hapo. Kwa hiyo tengeni mapema eneo la kina cha mita 2 hadi 6 kwa mwani mnene wa kuelea, kwa maboya na viroba vya mchanga. Nanga zikae mchangani. Ukifunga kwenye tumbawe, mawimbi ya kusi yatalivunja. Mkichelewa, eneo hilo litakuwa limeshachukuliwa na boti.

Na taitai za plastiki (vikamba vya kufungia mwani): kila mkulima arudishe chakavu kabla ya kupewa mpya.

mtepe_77
Ahsanteni sana. Mwekezaji anang'ang'ania kizimba kikae juu ya nyasi, anasema jongoo anapenda nyasi. Kweli?

Kusi_Mwambao
Nusu kweli. Kijongoo kichanga hujishika kwenye majani ya nyasi. Akikua anakula uchafu laini ulioko mchangani, kwa hiyo kizimba kinataka mchanga wenye tope kidogo na nyasi za hapa na pale. Kanyaga: mguu ukizama hadi kifundo, sawa, ukizama hadi goti, tafuteni pengine.

Wavu ufukiwe walau sentimita 20, la sivyo watapita chini. Wawekwe wakiwa na gramu 15 hivi, wawili kwa mita mraba. Akijaza zaidi, chakula kinakwisha, wanadumaa, kisha ataomba eneo jingine (hapo ndipo nyasi zenu zinapoliwa kidogo kidogo). Wakiwekwa wadogo kuliko gramu 15, kaa huwamaliza. Sharti la kwanza la kibali: vifaranga vitoke kituo cha kutotoleshea, visiokotwe ghubani.

bintimwani
Boti zipewe njia moja ya mita 10 yenye maboya pande zote, na mwambani ziwe na maboya ya kufungia ili zisitupe nanga. Kati ya mashamba acheni vichochoro vya mita 2, vielekee kwenye mchanga mtupu. Waokota chaza watapita tu, kichochoro kiwepo kisiwepo.