Mjadala: Deni la nje lipigiwe kura na wananchi? Tuitazame Iceland, 2008 hadi 2013

MLETA MADA

Wakuu, kila likizungumzwa deni la taifa hakosi mtu wa kuandika: "Tufanye kama Iceland, wenzetu waligoma kulipa na leo wanakula bata." Nimechoka kuisoma sentensi hiyo. Nusu yake ni kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayotupoteza, kwa hiyo naomba leo tuichambue.

Tukumbushane. Iceland wakati ule ilikuwa na watu kama 320,000; Temeke peke yake inawazidi mbali. Haina jeshi, na Wamarekani waliokuwa wakiilinda walifunga kambi yao ya Keflavik mwaka 2006. Benki zake tatu kubwa, Glitnir, Landsbanki na Kaupthing, zilikuwa zimekopa nje na kuvimba mpaka mali zao zikafika karibu mara kumi ya pato la nchi. Mwanzoni mwa Oktoba 2008 zote zikaenda na maji. Tarehe 6 Waziri Mkuu Geir Haarde alitokea kwenye televisheni, akamaliza hotuba kwa kumwomba Mungu aibariki Iceland. Kule viongozi hawana mazoea ya kumtaja Mungu kwenye hotuba zao, hivyo watu wakajua mambo yameharibika. Siku hiyohiyo Bunge likapitisha sheria ya dharura. Shikeni hiyo sheria, nitairudia.

Sasa tazameni sera ya nje ilivyohangaika. Tarehe 24 Septemba benki kuu ya Marekani ilikuwa imewafungulia Denmark, Norway na Sweden mlango wa kupata dola, Iceland haikuwemo. Tarehe 7 Oktoba Benki Kuu ya Iceland ikatangaza kwamba Urusi itawakopesha euro bilioni 4, kisha ikabidi isahihishe kuwa ni mazungumzo tu. Hela hiyo haikuja. Tarehe 8 Uingereza, mshirika wao ndani ya NATO, ikazuia mali za Landsbanki kwa kutumia sheria ya mwaka 2001 ya kupambana na ugaidi. Ukifungua ukurasa wa Hazina ya Uingereza wa waliozuiliwa mali, ulikuta benki ya wavuvi wale kwenye orodha moja na Al-Qaida na Taliban. Watu wa kawaida wakaanza kupiga picha wakiwa na watoto wao na mabango ya kusema sisi si magaidi. Tarehe 17, katikati ya moto huo, ikapigwa kura ya kuwania nafasi kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Uturuki ilipata 151, Austria 133, Iceland 87. Walikuwa wameitafuta nafasi ile kwa miaka.

Mwisho wakaenda IMF, nchi ya kwanza ya Ulaya Magharibi kufanya hivyo kwa miaka mingi. Mkopo wa dola bilioni 2.1 ukapitishwa Novemba 2008. Nchi ndugu za Nordiki nazo zikaahidi bilioni 2.5, lakini kwa masharti, na sharti lililouma lilikuwa Icesave.

Icesave ilikuwa akaunti ya mtandaoni ya Landsbanki, ikiwapa Waingereza na Waholanzi riba nono. Benki ilipokufa, London na The Hague (yaani serikali za Uingereza na Uholanzi) zikawalipa raia wao kutoka mfukoni, halafu zikaipelekea Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, bili ya karibu euro bilioni 4. Gawanya: kila kichwa, kuanzia mtoto mchanga, kama euro 12,000. Serikali mpya ya Jóhanna Sigurðardóttir ikakubali kulipa kwa riba ya asilimia 5.55. Bunge likapitisha, 33 kwa 30, mwisho kabisa wa mwaka 2009. Tarehe 2 Januari 2010 watu wakaandamana hadi Bessastaðir, nyumbani kwa Rais, wakiwa na mienge myekundu ile ya mabaharia wanaozama, wakamkabidhi saini zaidi ya 56,000, karibu robo ya wapiga kura wote. Siku tatu baadaye Rais Ólafur Ragnar Grímsson akakataa kusaini. Kura ya maoni ya tarehe 6 Machi ikamalizika kwa zaidi ya asilimia 93 kusema hapana.

Msimamo wangu: kura ile ilikuwa sahihi, ila haikuwa ya "kugoma kulipa deni la taifa". Iceland ililipa madeni yake ya serikali, na ya IMF ikayamaliza kabla ya muda, Oktoba 2015. Walichokataa ni deni la benki binafsi kuvishwa taifa. Na kura hiyo ilifanya kazi ambayo wanadiplomasia walishindwa. Mkataba mpya wa Icesave uliofuata ulikuja na riba ya karibu asilimia 3. Nao wakaukataa, Aprili 2011.

Karibuni, ila hoja iwe hoja.

MCHANGIAJI WA LONDON

Mleta mada umeandika vizuri, lakini umeegemea upande mmoja. Ngoja nikupe wa huku.

Zaidi ya watu 300,000 wa Uingereza waliweka akiba zao Icesave, wengi wao si matajiri. Halmashauri zaidi ya 100 zilikuwa zimeweka karibu pauni bilioni 1 kwenye benki za Iceland, hela za shule na za kuzolea taka. Na ile sheria yako ya dharura iliwahamisha wenye akaunti wa ndani kwenye benki mpya wasipoteze hata senti, huku wa nje wakiachwa kwenye benki iliyokufa. Ubaguzi wa wazi. Ingekuwa benki ya Wazungu imewafanyia hivyo Wakenya, leo ungeandika mada nyingine kabisa, na ungeiandika kwa herufi kubwa.

Halafu umeruka jambo. Usiku wa tarehe 7 Gavana wa Benki Kuu, Davíð Oddsson, alikaa kwenye televisheni akasema nchi haitalipa madeni ya nje ya benki zilizoanguka. Huyu si mlevi wa kijiweni, ni gavana, na kabla ya hapo alikuwa waziri mkuu kwa miaka 13. Unategemea Alistair Darling, waziri wa fedha wa Uingereza, alale usingizi? Sheria ya ugaidi ilikuwa nyundo kubwa kupita kiasi, nakubali, na iliondolewa Juni 2009. Lakini nchi isiyojua nani anaongea kwa niaba yake imejitafutia.

Na mkataba wa nje kuupigia kura kila mara unapokuudhi ni hatari. Kesho nani atakaa mezani na waziri wako akijua sahihi yake haina thamani?

MCHANGIAJI WA MOMBASA

Tusidanganyane. Wao walidaiwa na wateja wa benki, sisi tunadaiwa kwa hati tulizosaini wenyewe, kama ilivyokuwa Eurobondi ya Kenya ya 2014 (hati za mkopo zilizouzwa nje), iliyomalizwa kulipwa 2024. Mfano haufanani. Funga mada.

MCHANGIAJI WA NAIROBI

Mada isifungwe, kuna upande haujaguswa. Sera ya nje wakati wa njaa unaiona pia kwa nani anapunguziwa sahani.

Iceland ni nchi inayotufundisha kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini. Wahandisi wetu wa Olkaria, kizazi baada ya kizazi, wamekwenda Reykjavik kwenye mafunzo ya jotoardhi yaliyoanzishwa huko mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Benki zilipoanguka tuliokuwa kwenye fani hii tulidhani ndiyo basi. Haikuwa hivyo, mafunzo yaliendelea. Lakini shirika lao la misaada liliondoka Sri Lanka na Nikaragua mwaka 2009, na Namibia baada yake. Walibakiza Malawi, Msumbiji na Uganda, ambako walikuwa wakifanya kazi na wavuvi wa visiwa vya Kalangala, Ziwa Victoria.

Kwa hiyo yule anayesema "walikula bata" akawaulize waliofungiwa ofisi. Msaada ulikuwa mdogo, lakini ulikatwa bila kura yoyote ya maoni. Wananchi waliitwa kupiga kura pale tu bili ilipokuwa yao.

MLETA MADA

Wa Nairobi, hiyo ya mwisho imeniingia. Sina jibu lake.

Ndugu wa London, kuhusu ubaguzi umesema kweli nusu. Sheria ile ya tarehe 6 ilifanya kitu kingine ambacho huko hakikuandikwa sana: iliwaweka wenye amana wote, wa ndani na wa nje, mbele ya wadai wengine wa benki. Maana yake ni kwamba mikopo na mali za Landsbanki zilipouzwa taratibu, wa kwanza kulipwa walikuwa London na The Hague, na walioumia ni mabenki ya nje yaliyokopesha bila kuangalia. Kazi hiyo ilikamilika Januari 2016. Hela ilirudi, ila ilitoka kwenye mzoga wa benki, haikutoka kwa mlipa kodi wa Reykjavik. Na tarehe 28 Januari 2013 Mahakama ya EFTA (jumuiya ya biashara huria ya Ulaya ambayo Iceland ni mwanachama) iliamua kwamba serikali ya Iceland haikuwa na wajibu wa kisheria kulipa pale mfuko wa bima ya amana uliposhindwa. Wangekuwa wamesaini mwaka 2009, hukumu hiyo ingewakuta wameshajifunga kulipa kwa riba.

Hapo ndipo nawasifu wapiga kura. Hawakujua mahakama itasema nini. Walichofanya ni kununua muda, na muda ndio uliouza mali za Landsbanki kwa bei nzuri.

Kuhusu sahihi ya waziri: Jóhanna mwenyewe hakwenda kupiga kura ile ya Machi, akisema haina maana kwa kuwa mkataba mwingine ulishaanza kujadiliwa. Si kweli kwamba haikuwa na maana. Mezani Uingereza na Uholanzi zilishusha riba baada ya kuona kwamba aliyekaa mbele yao hawezi kuamua peke yake. Waziri dhaifu nyumbani anaweza kuwa na nguvu ugenini, kwa sababu kila akibanwa anasema: mimi ningekubali, shida ni wale kule.

MCHANGIAJI WA MWANZA

Shikamooni wakubwa. Mmeongelea hela mkasahau samaki, na Iceland bila samaki haielezeki.

Julai 2009, mifuko ikiwa mitupu, Bunge lao liliamua kuomba uanachama wa Umoja wa Ulaya, kura 33 kwa 28. Mawazo yalikuwa rahisi: krona, sarafu yetu, imepoteza karibu nusu ya thamani, tukimbilie euro. Nchi iliyokaa nje kwa miaka yote ya neema ikataka kuingia siku ya mafuriko. Mazungumzo yakafungua sura 27 na kufunga 11, lakini sura ya uvuvi haikufunguliwa kabisa. Unajua kwa nini? Hawa ndio waliopimana ubavu na meli za kivita za Uingereza mara tatu kwa ajili ya chewa, mara ya mwisho 1976, na kila mara wakashinda. Halafu joto la bahari likawaletea samaki aina ya makareli kwenye maji yao. Mwaka 2010 wakajipangia wenyewe kuvua tani 130,000, Brussels, yaani Umoja wa Ulaya, ikatishia vikwazo. Mtu anapeleka posa huku anavua kwenye shamba la wakwe!

Mimi naona kosa kubwa lilikuwa hapo, si kwenye Icesave. Ombi lile lilitoka kwenye hofu. Krona hiyohiyo iliyoshuka ndiyo iliyofanya samaki wao wawe rahisi sokoni na watalii wamiminike. Hofu ilipopungua ombi likakosa mwenyewe. Serikali iliyoingia 2013 ikalisimamisha, na Machi 2015 waziri wa nje akaandika barua kwa Brussels kwamba tusihesabiwe tena kama waombaji. Bila kuuliza Bunge, bila kuuliza wananchi. Watu wakajaa mbele ya Bunge kulalamika. Sasa mleta mada, demokrasia yako ya kura za maoni ilikwenda wapi siku hiyo?

MCHANGIAJI WA LONDON

Ahsante wa Mwanza, umemaliza. Deni waliulizwa mara mbili, Ulaya hawakuulizwa hata mara moja. Na ongeza China: mwaka 2010 walibadilishana sarafu nayo, Aprili 2013 wakawa nchi ya kwanza ya Ulaya kusaini nayo mkataba wa biashara huria. Nani alipigia kura hilo?

MLETA MADA

Hakuna aliyepiga, na nakubali kwamba Rais alichagua la kupeleka kwa wananchi. Katiba ilimpa nafasi ya kukataa kusaini sheria, haikumpa nafasi kwenye barua ya waziri. Ndiyo maana lile la Icesave lilifika kwa wapiga kura na lile la Brussels likapita kimya kimya. Serikali iliyoundwa Desemba 2024 iliahidi kuwauliza, kabla ya 2027 kwisha, kama mazungumzo na Umoja wa Ulaya yarudi mezani. Yaani swali la mwaka 2009 linarudi, safari hii hazina ikiwa na kitu.

Ila kwa China nakuonyesha kitu kimoja. Mwaka 2011 tajiri wa Kichina, Huang Nubo, alitaka kununua kilomita za mraba 300 za nyika ya Grímsstaðir ajenge hoteli. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka chini ya mpango wa IMF, hela ilihitajika. Waziri wa mambo ya ndani, Ögmundur Jónasson, akakataa ombi. Mkataba wa biashara wakausaini, ardhi wakaikatalia. Ndugu wa London, hilo nalo utaliita nchi isiyojua nani anaongea kwa niaba yake?