Mikarafuu kapanda babu, eka ni za jirani: anayeuza anauza nini?

Mjukuu wa Kengeja

Assalaam alaykum.

Kwetu Kengeja, Pemba. Babu mzaa baba alipanda mikarafuu kumi na saba ndani ya eka tatu za jirani yake, eka zile za kugaiwa baada ya Mapinduzi. Walikubaliana kwa mdomo, hakuna karatasi. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Kila msimu tunachuma sisi, tunaanika uwanjani kwetu, na hakuna mtu aliyewahi kutuuliza. Sasa kijana wa jirani kapata mnunuzi na anasema anauza "shamba na vilivyomo". Ami yangu kaapa kwamba huyo mnunuzi hatii mguu pale, na ami akiapa huwa hatanii.

Mimi nasoma sheria hapa Tunguu, mwaka wa pili. Darasani tumefundishwa kanuni ya Warumi kwamba kilichoota au kujengwa juu ya ardhi kinaifuata ardhi. Nilimweleza bibi kwa simu, akacheka mpaka akakohoa: "Hao Warumi wako walikuwa na mikarafuu?"

Kuna pia John Locke, Mwingereza, kitabu chake kilitoka 1689: mtu akitia jasho lake katika kitu kisicho na mwenyewe, kinakuwa chake. Jasho la babu lipo, ila zile eka zilikuwa na mwenyewe. Au mwenyewe ni serikali? Hapo ndipo ninapokwama. Naomba wenye ujuzi wanisaidie, na tafadhali msiniambie "nendeni kwa sheha", tumeshakwenda.

Kijana wa Moro

Pole dada. Soma Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na ile Na. 5 ya ardhi za vijiji. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini. Kama mmetumia muda mrefu bila kubughudhiwa, haki ni yenu. Kesi nyepesi hiyo.

Mzee wa Limbani

Kijana wangu wa Moro, ahsante, lakini sheria hizo mbili hazivuki bahari. Ardhi si jambo la Muungano. Huku tuna yetu, Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya 1992.

Mjukuu, nimepima mashamba ya watu tangu sijaota mvi, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Bibi yako kawashinda walimu wako. Kwetu mti na ardhi ni mali mbili, na imekuwa hivyo tangu zamani. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walibaki kwenye mashamba ya mabwana zao wa zamani. Waliachiwa walime muhogo na viazi chini ya mikarafuu. Kupanda mti wa kudumu walikatazwa. Unajua kwa nini? Muhogo unang'olewa, hadithi inakwisha. Mkarafuu unaanza kuzaa baada ya miaka sita, saba hivi, kisha unasimama mpaka wajukuu wazeeke, na aliyeupanda ana dai muda wote huo. Mabwana waliijua hiyo vizuri kuliko vitabu vyenu.

Tena hapa Pemba ndipo hasa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya kwetu ikasalimika, na toka hapo utajiri wa mtu huku ukahesabiwa kwa miti. Ukisikia wazee wanasema fulani kaweka rehani shamba, ujue kilichohesabiwa ni mikarafuu, eka hakuna aliyezijali.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya serikali. Waliopewa eka tatu walipewa watumie, wale wao na watoto wao. Hawakupewa ruhusa ya kuuza, ingawa sote tunajua zimeuzwa chini kwa chini. Sheria ya 1992 ikaja na haki ya matumizi ya ardhi, ikawafungulia na wenye eka tatu njia ya kuipata. Na ile maana ya neno ardhi ndani ya sheria hiyo, isome mwenyewe pale mwanzo, inaitoa miti inayomilikiwa peke yake. Kwa hiyo yule kijana, kama karatasi zake zimekamilika, auze haki yake ya kutumia ardhi. Mikarafuu ya watu haimo.

Huyo Locke mwache apumzike. Mtume (S.A.W.) alikwisha sema karne nyingi kabla yake kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, yaani isiyolimwa wala kuwa na mwenyewe, ni yake. Lakini Kengeja ya wakati wa babu yako haikuwa na ardhi iliyokufa, kwa hiyo hata hiyo haiwasaidii. Kitakachowasaidia ni ile ruhusa. Babu yako aliambiwa panda, uwe mti wako? Au panda, tugawane karafuu? Au alikuwa kibarua, kapewa miche ya mwenye shamba akaipanda kwa malipo? Hizi ni kesi tatu tofauti kabisa, na kuchuma peke yenu miaka yote ni ushahidi mzuri wa ile ya kwanza, si zaidi ya hapo. Tafuteni mtu aliyekuwepo, mchukueni angali hai, mwende Mahakama ya Ardhi.

Jengine hukuuliza, ila nakuambia. Unasema "tunachuma sisi". Sisi kina nani? Babu yako hana mabinti? Mikarafuu hiyo ni mirathi, na shangazi zako wana fungu lao, kila mmoja nusu ya fungu la kaka yake. Hilo ni la Kadhi. Anayeapa kwa sauti kubwa mara nyingi ndiye hajagawa.

Bi Rukia wa Mkoani

Barabara ilipopita kwetu tulilipwa migomba, minazi na nyumba. Ardhi hatukulipwa hata senti. Basi na huyo kijana amwulize mnunuzi wake ananunua nini.

Mjukuu wa Kengeja

Shikamoo mzee wangu. Shangazi wapo wawili, na hapo umenigusa pabaya, nitamwuliza baba leo hii. Shahidi yupo mmoja, alikuwa akichuma na babu, anaishi Mtambile.

Swali la mwisho: ami anataka kwenda kupandikiza miche mipya katikati ya ile ya zamani kabla hawajauza, tuongeze nguvu. Na yule kijana naye anatishia kuikata yote.

Mzee wa Limbani

Marahaba. Kukata mkarafuu bila kibali ni kosa, hata ukiwa wako. Akigusa shoka, karipotini. Ami yako naye asithubutu. Ile kumi na saba ina ruhusa ya marehemu nyuma yake. Huo mche mpya nani kamruhusu? Atampa wakili wa upande wa pili jambo la kusema, na siku hiyo miti ya zamani itatiwa fungu moja na mipya.

Huyo wa Mtambile mwende kabla ya msimu, watu wakianza kuchuma hamumpati.