Eti kidole cha mzee kitiwe mafuta ya kula!

Wakuu, jasho halijakauka naandika. Yule kocha wa jimu mnamjua. Wa filimbi shingoni, suruali imembana mpaka magoti yanaomba talaka. Leo kachukua maiki, ile ya zumba, mbele ya kina mama thelathini, katangaza: "Kidole cha mzee kimeshika kutu, kitieni mafuta ya kula!"

Mafuta. Ya. Kula.

Kidole changu kinachonasa si kutu! Kano inayokunja kidole inapita ndani ya pete ndogo pale shinani, upande wa kiganja. Pete ikinenepa na kano ikaota kivimbe, kukunja unakunja, kukunjua ndiyo kazi: kinakwama, halafu tak! Asubuhi ndiyo balaa. Na chuma ninachonyanyua kinasugua shina hilohilo, wiki nenda wiki rudi, kwa mtu wa miaka 60. Mwenye kisukari ndiyo kabisa.

Na dawa aliyotoa: kamua mpira wa tenisi mara 200. Yaani uivute kano iliyovimba mara 200 kwenye pete iliyobana! Ni kumwambia mwenye kiatu kinachombana akimbie mpaka Kibaha kitanuke. Hilo ningesamehe. Lakini mafuta ya kula, kwenye maiki!

Kilo Mbili Mbovu: Pole mkuu. Swali la msingi: alizeti au mawese?

Mtoto wa Benchi: Shikamoo mzee. Kwa bei ya mafuta sasa hivi, si angesema oili chafu tu 😂

Chuma cha Pua: Acheni utani. Mkuu, na wewe una lako: unakaba chuma kama umeshika mwizi. Dedilifti, yaani kunyanyua chuma toka sakafuni, vaa mikanda ya kifundo cha mkono ya kushikia chuma. Mkia wa mkanda upite chini ya chuma, zungusha mara 2, kaza KABLA hujanyanyua, halafu legeza vidole. Wengi wanafunga mkanda na bado wanakamua kwa nguvu zote, hapo umevaa bangili. Ukisukuma juu, chuma kilalie kiganja karibu na kifundo, vidole vizuie tu kisibingirike. Chuma kinene cha mm 50 achana nacho, kinadai mkamuo mkubwa kuliko cha kawaida cha mm 28. Na kama kinachonasa ni gumba, usilifungie chini ya vidole.

Mleta uzi: Sawa. Lakini mmesikia alivyosema "kitieni"? Wingi! Kaalika ukumbi mzima.

Bi Ishirini: Kaka, usiku funga kibao chepesi kidole kisijikunje usingizini. Wiki 6 mfululizo, si siku mbili halafu "nimejaribu". Asubuhi maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, ndipo ukikunjue polepole kwa mkono wa pili. Ukikivuta kwa hasira, uvimbe unazidi. Badala ya mpira wa tenisi, vivishe vidole vyote raba ya kufungia noti, vitanue nje mara 10. Ikiuma acha.

Pingili: Kidole kikipona kinarudi kunasa kwa sababu mnachomwa sindano ya steroidi, Jumatatu mko kwenye kilo zilezile na mshiko uleule. Steroidi inashusha uvimbe, haikufundishi kushika. Wenye kisukari mpime sukari, inaweza kupanda siku kadhaa. Kikirudi tena na tena usikimbilie sindano ya tano, muulize daktari habari ya upasuaji: ganzi ya hapohapo kiganjani, pete inakatwa, kidole unakichezesha siku hiyohiyo. Vyuma vizito baada ya wiki 4 hadi 6, akiruhusu.

Kilo Mbili Mbovu: Daktari naye aje na maiki?

Mleta uzi: Kina mama THELATHINI, wakuu.

Mtoto wa Benchi: Tukiwa kwa huyohuyo kocha, zile pleti za kilo 20 mbona moja nyepesi kuliko mwenzake? Chuma kinapinda upande kama dau.

Bi Ishirini: Pleti? Nani anafuta benchi? Mtu anainuka kaacha ramani ya Afrika, na Madagaska ipo.

Chuma cha Pua: Na chaki ya kukausha viganja wamepiga marufuku eti inachafua. Mkono ukiteleza unakamua zaidi, vidole vinaumia zaidi. Ila mziki ule hauchafui masikio.

Pingili: Feni je? Inazungusha joto tu.

Mtoto wa Benchi: Na maji ya kunywa wameondoa, ada imepanda.

Kilo Mbili Mbovu: Maji yapo. Kikombe ndiyo kimoja, na kina mwenyewe.