Kukaza bolti za silinda hedi nyumbani

Mwenye gari, Nakuru: Wakuu, ninaunda upya injini uani kwangu na nimefika kwenye silinda hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda. Kitabu cha gari kinataka bolti zikazwe kwa hatua tatu, lakini jirani yangu anasema mkono uliozoea unatosha. Nimsikilize?

Fundi wa Kibuye, Kisumu: Usimsikilize, ndugu. Tafuta spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika kiwango, hata ya kuazima, na ufuate mpangilio wa kitabu, ambao kwa kawaida huanzia katikati kuelekea pembeni ili gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya hedi na bloku (mwili wa injini), ilale sawasawa. Kwanza safisha mashimo, kwa maana mafuta yaliyotuama ndani ya shimo lililozibwa upande wa chini hayana pa kukimbilia bolti inaposhuka, na huweza kupasua bloku.

Msomaji, Kakamega: Niongeze kwamba sehemu kubwa ya nguvu unayoweka huliwa na msuguano, hivyo meno ya bolti yenye kutu hukudanganya: spana inalia "tak" ilhali bolti haijabana. Kitabu kikitaja kuzungusha digrii 90 zaidi baada ya kufikia toki, bolti hizo huenda huvutwa zirefuke makusudi, nunua mpya. Mimi nilirudisha za zamani, moja ikakatika nikiizungusha.

Mwenye gari, Nakuru: Zangu zina digrii. Kesho naenda dukani.