Uzito umegoma kwenye kilo 83: nipange vipi mlo na mazoezi nitakayoyamudu kwa miaka?

Tausi38 ameuliza:

Habari za leo wadau. Mwanamke, miaka 38, urefu sentimita 165, kazi ya kukaa mezani kutwa. Nilianza na kilo 88, mlo wa kalori 1,200 na kukimbia nusu saa kila siku. Mwezi wa kwanza zilitoka kilo 5, na sasa ni wiki ya 6 mizani imeganda kwenye 83. Jumatatu hadi Ijumaa mpango unafuatwa barabara, ila Jumamosi na Jumapili njaa inazidi nguvu na hapo hakuna kupima. Kukimbia kumesimama wiki 2 kwa maumivu ya mbele ya goti na ya muundi. Sina kisukari wala presha, situmii dawa yoyote.

Je, mwili umezima uchomaji wa mafuta? Nishuke hadi kalori 1,000? Na mazoezi gani hayatanishinda baada ya miezi 3? Mipango ya siku 30 siitaki tena. Nataka kitu cha kuishi nacho.

MizaniYaJikoni:

Dada Tausi, tafadhali usishuke 1,000. Mwili haujazima kitu. Piga hesabu pamoja nami, utaona mizani yako inasema kweli.

Kuna fomula ya Mifflin-St Jeor, ya mwaka 1990. Kwa mwanamke: kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Kwako ni 830 + 1,031 − 190 − 161 = 1,510. Hizo ni kalori za kupumua, moyo kupiga na joto la mwili tu, hata ukishinda kitandani. Mtu wa kukaa mezani anayetembea kidogo huzidisha kwa 1.35 hivi, inakuja 2,040. Ukila kiasi hicho, uzito haupandi wala haushuki.

Sasa wiki yako. Siku 5 za 1,200 ni 6,000. Mtu aliyebanwa siku 5 akifunguliwa wikendi, kufika 3,400 kwa siku si jambo la ajabu, kwa hiyo weka 6,800. Jumla 12,800, wastani 1,830 kwa siku. Bado kuna nafuu hapo, sivyo? Ongeza mafuta ya kupikia, ambayo karibu kila mtu huyamimina kwa jicho. Kijiko kimoja cha mezani kina kama kalori 120. Viwili visivyoandikwa kila siku ni 240, na tayari umefika 2,070. Hapo ndipo uliposimama. Namba za wikendi nimezikisia, lakini pima wiki moja nzima bila kubadili chochote, utaona ukweli uko jirani na hapo.

Mafuta yapime hivi: weka chupa nzima juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, inua chupa, mimina kwenye sufuria, rudisha chupa. Mizani itasoma namba yenye alama ya kutoa, na hiyo ndiyo gramu ulizomimina. Kila gramu 1 ni kalori 9. Hakuna kijiko cha kuosha, hakuna kubahatisha. Kosa la pili ni wali: gramu 100 za mchele mkavu zina kama kalori 360, lakini gramu 100 za wali ulioiva ni kama 130, kwa sababu wali umenywa maji. Ukipima ulioiva na kuandika namba ya mkavu, au kinyume chake, hesabu ya siku nzima imeharibika.

Kuhusu zile kilo 5 za mwanzo: kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Kwa upungufu wa kalori 900 kwa siku, mwezi mmoja hutoa mafuta kilo 3 na nusu. Zilizobaki zilikuwa maji. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hushika maji kama mara 3 ya uzito wake, na ukipunguza chakula ghafla maji hayo hutoka. Usiutumie mwezi ule kama kipimo cha miezi ijayo.

Ninachokushauri ni wastani wa kalori 1,650, wikendi ikiwa ndani yake. Ukipenda, kula 1,550 siku za kazi na 1,900 Jumamosi na Jumapili, wastani ni uleule. Utashuka kama gramu 350 kwa wiki. Najua inaonekana ndogo, lakini gramu 350 zinazotoka kila wiki zinaishinda kilo 1 inayotoka Ijumaa na kurudi Jumapili.

HatuaKwaHatua:

Nakubaliana na hesabu za hapo juu. Mimi nizungumzie goti na muundi.

Kukimbia si kubaya, tatizo ni kasi ya kuongeza mzigo. Kila hatua ya kukimbia hushusha mguuni nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, ila mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana pumzi inaruhusu na muundi unakataa. Kitu kimoja usikipuuze: pitisha kidole kwenye mfupa wa muundi. Ukikuta sehemu moja ndogo, upana wa sarafu, inayouma vikali ukiibonyeza, au ikiuma hata usiku ukiwa umelala, usiendelee na mazoezi ya miguu kabla ya kuonwa na daktari, maana huenda ni ufa kwenye mfupa. Maumivu yaliyosambaa eneo refu ambayo hupoa ukipumzika kwa kawaida ni ya mzigo uliozidi.

Anza na kutembea. Hesabu hatua zako kwa wiki moja ya kawaida bila kujilazimisha, kisha ongeza 1,000 kwa siku kila baada ya wiki 2. Usihangaike na ile namba 10,000, ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linasema dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Kutembea kilomita 4 kwa uzito wako hutumia kama kalori 165 za ziada, sawa na kijiko kimoja na nusu cha mafuta. Kwa hiyo mguu usitumike kufuta kosa la sufuria. Tembea kwa ajili ya moyo, usingizi na kulinda uzito usirudi.

Hizo siku 2 za misuli ndizo watu wengi huziacha, na hilo linanisikitisha, kwa sababu ukipungua bila kuzifanya, sehemu ya kilo zinazotoka huwa ni misuli. Dakika 35 zinatosha, siku mbili zisizofuatana. Kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kushika. Pushapu mikono ikiwa juu ya meza imara. Kuvuta begi lenye mzigo kuelekea kiunoni ukiwa umeinama. Kuinama kwa nyonga begi likiwa mikononi. Mwisho, kutembea na mzigo mkono mmoja, hatua 40 kila upande. Manne ya kwanza fanya seti 3 za marudio 8 hadi 12, pumzika dakika 2 kati ya seti. Acha pale unapohisi umebakiza marudio 2 ambayo ungeyaweza. Ukifika 12 kwenye seti zote 3 kwa vipindi viwili mfululizo, ongeza kilo 1 au 2 kwenye begi, au hamia meza fupi zaidi.

Kuinama kwa nyonga hukosewa sana, watu hukunja magoti ikawa skwoti, yaani kuchuchumaa. Simama ukiupa ukuta mgongo, umbali wa urefu wa unyayo mmoja, kisha sukuma matako nyuma mpaka yaguse ukuta, magoti yakikunjika kidogo tu na mgongo ukiwa umenyooka. Ukihisi nyama za nyuma ya paja zinavutika, umepatia. Ukihisi kiuno, umeupinda mgongo.

Goti likilalamika kwenye kiti, weka mto juu ya kiti ili usishuke sana. Maumivu ya hadi 3 kati ya 10 yanayoisha kabla ya asubuhi yanavumilika. Yakizidi hapo, punguza kina au mzigo, lakini usiache kabisa.

Kipimo_cha_Asubuhi:

Fupi tu. Jipime kila siku asubuhi, baada ya choo, kabla ya kunywa kitu, na usiisome namba ya siku moja. Chukua wastani wa siku 7. Chumvi ya jana, choo kigumu, misuli iliyochoka na siku za kabla ya hedhi huweza kuongeza kilo 1 au 2 za maji bila gramu moja ya mafuta. Kwa mwanamke, wastani wa wiki hii linganisha na ule wa wiki ya nne kurudi nyuma, ili uwe sehemu ileile ya mzunguko.

Fomula yoyote inaweza kukosea kwa asilimia 10 au zaidi kwa mtu mmoja mmoja. Baada ya wiki 4, kama wastani umeshuka chini ya nusu kilo, punguza kalori 150 au ongeza hatua 2,000. Kimoja tu, si vyote viwili. Na chukua tepu ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu baada ya kutoa pumzi, mara moja kila wiki 2. Lenga kiuno kisizidi nusu ya urefu wako, kwako ni sentimita 82.

ShibeKwanza:

Nina wasiwasi na jambo moja. Kujibana siku 5 na kufunguka 2 ni mwitikio wa mwili wenye njaa, si udhaifu wa tabia. Kwenye jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota la 1944 na 1945, vijana 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa wiki 24. Wakawa wanawaza chakula kutwa, wakapunguza kujongea, na walipofunguliwa baadhi walikula kupita kiasi huku bado wanasikia njaa. Walikuwa wanaume wenye afya njema waliochaguliwa kwa uangalifu. Usijilaumu.

Kwa hiyo, kama kuandika kalori kunakufanya ule kwa siri au ujiadhibu siku inayofuata, acha kuandika kwa sasa. Gawa sahani: nusu mboga za majani na zisizo na wanga mwingi, robo chakula cha protini, robo wanga, mafuta kijiko kimoja kilichopimwa. Kula milo 3 kwa saa zisizobadilikabadilika. Ikiwa kula bila kuweza kujizuia kunatokea kila wiki kwa miezi, mwone daktari au mtaalamu wa lishe kabla ya kupunguza chochote. Hilo linatibika.

Tausi38:

Asanteni sana, hasa hilo la mafuta, kweli huwa siandiki. Mawili yamebaki: protini kiasi gani na itapatikanaje ndani ya 1,650? Na mwisho wa safari hii ni upi, nitapima chupa ya mafuta maisha yangu yote?

MizaniYaJikoni:

Protini: gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito ni mahali pazuri pa kuanzia, kwako gramu 100. Yai moja lina kama 6. Gramu 100 za kuku aliyeiva bila ngozi zina kama 30, samaki 20 hadi 25, maharage yaliyoiva 8 au 9. Asubuhi mayai 3 na kikombe cha maziwa ni 26. Mchana gramu 250 za maharage na kipande kidogo cha samaki ni kama 32. Usiku kuku gramu 130, karibu 39. Umefika bila unga wa protini wa kopo. Maharage yanakupa na nyuzinyuzi, ambazo ndizo zitakazokuokoa na njaa ya saa 10 jioni. Kama hukuzizoea, ongeza polepole na unywe maji, la sivyo tumbo litajaa gesi na utadhani chakula kimekukataa.

Kupima si kwa maisha yote. Pima wiki 8 hadi 12, jicho lako litakuwa limefundwa. Baada ya hapo pima siku 3 tu kwa mwezi, kuhakikisha mkono haujaanza kumimina zaidi.

Kila baada ya wiki 10 au 12 za kupungua, kula kiasi cha kusimama, yaani kama 2,000, kwa wiki 2. Mizani itapanda nusu hadi kilo 1. Ni maji na chakula kilicho tumboni, usiogope na usikatishe. Wiki hizo 2 ndizo mazoezi ya maisha ya baadaye, kwa sababu kusimama kwenye uzito ni ujuzi wake mwenyewe na wengi hawajawahi kuujaribu.

Na kumbuka, kilo 5 ulizokwishatoa ni zaidi ya asilimia 5 ya uzito ulioanza nao. Kuanzia hapo presha na sukari huanza kunufaika. Weka kituo kinachofuata kilo 79, ambapo utakuwa umepungua asilimia 10. Ukifika, simama miezi 3 kabla ya kuamua kama unataka kuendelea.

HatuaKwaHatua:

Kwenye miezi hiyo ya kusimama, begi liendelee kuongezeka uzito. Na weka mstari wa tahadhari mapema: wastani wa wiki ukipanda kilo 2 juu ya kituo chako na ukakaa hapo wiki 2, rudi kwenye 1,650 kwa wiki 4, kisha acha. Kukimbia rudi nako baada ya wiki 6 za kutembea bila maumivu: dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea, mara 8, siku zisizofuatana.