Wiki tatu zimebaki nifanyiwe upasuaji wa pua Istanbul, nijiandae vipi?

Mpambaji wa Temeke
Habari zenu wakuu. Nina miaka 31, naishi Temeke, kazi yangu ni kupamba maharusi. Miaka minane sasa nachonga pua za wenzangu kwa poda, nyeusi pembeni, ya kung'aa katikati, bibi harusi akijitazama kwenye kioo anatabasamu. Jioni nikirudi nyumbani nafuta ya kwangu na kukutana na pua ileile iliyonipa jina la utani tangu darasa la pili. Hilo jina silitaji hapa.

Nimeamua. Nataka tundu zipungue upana na mwamba wa pua unyanyuke kidogo. Naomba kujua mambo mawili tu: kabla ya kwenda nijiandae vipi, na nikishafanyiwa nitakaa siku ngapi kabla ya kurudi kazini. Sina presha, sina sukari, sina pumu, sijawahi kulazwa. Wa kunitukana naomba anipite, maana usiku wenyewe silali.

Kisiki cha Mpingo
Dada yangu, nani kakudanganya kwamba pua yako ni mbaya? Sisi wanaume tunaoa tabia. Hiyo hela nunua kiwanja Chanika. Weka picha kwanza tuone kama kweli kuna tatizo.

Babu wa Chumbageni
Pua ni kitu cha kuheshimu, mwanangu. Mimi nilivunjika 1987 kwenye mechi ya mtaani hapa Tanga, nimeruka kupiga kichwa, kipa kaja na kiwiko. Nikakandwa maji ya moto nikaambiwa nitapona. Miaka zaidi ya ishirini nimevuta hewa upande mmoja, nakoroma mpaka marehemu mke wangu akawa anahamia chumba cha watoto. Mwisho daktari wa pua, koo na masikio akaniambia ule ukuta wa katikati umepinda. Walipounyoosha, wiki ya tatu nikapita sokoni nikanusa karafuu upya kama mtoto. Nilikaa chini pale nikalia. Sasa wewe wanakukata ili upumue vizuri au ili upendeze? Maana pua ikipunguzwa ovyo, hewa nayo inapungua.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Naomba nijibu alichouliza. Wiki mbili kabla, acha aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, damu isije ikakataa kukata. Kama dawa hizo uliandikiwa kwa ugonjwa fulani, usiache mpaka umuulize daktari. Vidonge vya kitunguu swaumu na mafuta ya samaki navyo vitaje, watu husahau kwa sababu wameuziwa kama chakula. Sigara na shisha huachwa wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa hiyo kama unatumia acha leo. Zinabana mishipa midogo ya damu na ngozi inachelewa kupona. Ukishikwa na mafua siku za mwisho, sema, ni bora tarehe isogezwe. Fanya kipimo cha wingi wa damu hukuhuku nyumbani ili kama una upungufu ujulikane mapema. Siku yenyewe vua kucha za bandia kwa sababu kidole kinabanwa kifaa cha kupima oksijeni. Kope za kubandika, hereni, kipini, cheni, vyote viache nyumbani.

Mpambaji wa Temeke
Nesi, Mungu akubariki. Shisha sijawahi. Kucha nitatoa, hereni mimi sivai kabisa kwa hiyo hapo nipo salama. Vipi kuhusu ndege na kazi?

Binti wa Likoni
Dadangu, mimi ni wa Mombasa, nilifanya pua Istanbul miaka miwili iliyopita, nikueleze bila kukuficha. Maumivu si makali kama watu wanavyodhani. Kinachochosha ni kutopumua. Pua imeziba, usiku unapumulia mdomo, unaamka ulimi mkavu umeshikana na kaakaa. Siku mbili za kwanza chini ya pua unafungwa kitambaa cha kunyonya damu na unakibadilisha mara kwa mara. Siku ya tatu macho yalivimba, chini yake kukawa na rangi ya zambarau, nikakataa kuongea na mama kwa video. Unalalia mito mitatu, kichwa juu. Chakula changu kilikuwa uji na supu isiyo moto sana. Hupengi kamasi wiki mbili, chafya ikija unafungua mdomo itokee huko.

Siku ya saba wakatoa plasta. Nilitarajia pua mpya, nikaona pua kubwa kuliko ya zamani! Nililia, na niliendelea kulia kwa vipindi miezi mitatu. Ngozi yetu ya ncha ya pua ni nene, uvimbe unashuka taratibu mno. Yangu ilitulia baada ya mwaka na zaidi. Leo naipenda. Lakini ule mwaka hakuna aliyeniambia.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Binti wa Likoni kasema kweli. Kupanda ndege, wengi huruhusiwa kati ya siku ya 7 na ya 10, na kwa safari ya saa saba hivi mpaka Dar usikae kitako muda wote, simama utembee damu isigande miguuni. Kazi yako wewe ni ya kuinama na poda inayorushwa hewani. Wiki tatu usiiguse. Miwani isikae juu ya pua mwezi mzima au zaidi.

Sasa na mimi nina swali. Mpamba maharusi asiyevaa hereni kabisa ni nadra. Ni imani yako, au masikio yana shida?

Mpambaji wa Temeke
Sivai tu, napenda hivyo. Tuendelee na mada. Mito mitatu ni ya kawaida au ile ya shingo?

Pwani Mchangani
Assalaam alaykum. Dada, kabla ya mito litazame jambo lenyewe. Kuna sahaba aliyeitwa Arfaja, alikatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya, Mtume (s.a.w.) akamruhusu avae ya dhahabu, na dhahabu kwa mwanamume mwajua ni haramu. Wanazuoni wakachukua hapo kwamba kurekebisha ulemavu na madhara kunaruhusiwa. Kubadili umbile kwa kutaka uzuri tu ni jambo jingine. Sikuhukumu, nakuomba ujiulize uko upande gani.

Kisiki cha Mpingo
Sheikh kamaliza. Kiwanja Chanika, dada.

Mpambaji wa Temeke
Sheikh, mtu aliyeitwa jina la mnyama mbele ya darasa zima miaka sita, na mwalimu anacheka, ana ulemavu au hana? Nauliza kwa heshima.

Pwani Mchangani
Umenigusa. Sina jibu la haraka. Nitakuombea.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Dada, narudi palepale kwenye masikio. Nimeshakaa chumba cha upasuaji vya kutosha, najua mgonjwa anapolikwepa swali. Ulishawahi kutoboa?

Mpambaji wa Temeke
Haya. Nilitobolewa nikiwa na miaka 12. Sikio la kulia kikaota kinundu nyuma, kikakua mpaka kikafika ukubwa wa kunazi. Kikakatwa. Kikarudi kikubwa kuliko cha kwanza. Na nina kingine kifuani, palianza na chunusi tu. Lakini hayo ni sikio na kifua, mimi nafanya pua! Nimesoma kwamba puani huwa hayatokei. Na daktari wa kule nilimtumia picha za uso kwa WhatsApp, hakusema kitu.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Picha za uso, nyuma ya sikio hakuona. Kwenye fomu waliuliza habari za makovu?

Mpambaji wa Temeke
Waliuliza. Nikajibu hapana. Niliogopa wangenikatalia. Nimeshalipa euro 500 za kushika nafasi, tiketi nimekata, hela zenyewe ni za mchezo wa kuchangiana niliopokea mwezi uliopita na bado nadaiwa raundi nne. Nikisema ndiyo nitapoteza vyote. Na sikuja hapa kuuliza niende au nisiende, nimeuliza nijiandae vipi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Na kumwambia daktari ndiyo maandalizi yenyewe. Hiyo ni keloidi. Kovu la kawaida linabaki ndani ya mipaka ya kidonda, keloidi inavuka mpaka na kuendelea kukua. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi, na mara nyingi iko kwenye ukoo. Ukiikata tu bila tiba nyingine, kurudi ni jambo la kawaida, kama ulivyoona mwenyewe.

Ni kweli usemavyo, puani keloidi ni nadra. Ila wewe unataka mwamba unyanyuke. Huo haunyanyuki kwa hewa, unawekewa gegedu, yaani mfupa laini. Gegedu linatoka sehemu tatu: ukuta wa ndani wa pua, sikio, au ubavu. Kwa pua zetu la ndani mara nyingi halitoshi, kwa hiyo daktari huenda kwenye sikio au anapasua kifuani achukue la ubavu. Sikio na kifua, dada. Palepale mwili wako ulipokwisha kuonyesha tabia yake. Na kupunguza upana wa tundu ni kukata kwa nje, kwenye mkunjo wa bawa la pua. Atakayeshika kisu lazima ajue haya kabla hujalala mezani.

Jicho la Kunguru
Wakuu amkeni, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Akaunti ina siku nne. Mwanzo "sijawahi kulazwa", sasa kinundu kilikatwa. Akatokea nesi anayejua kila kitu, akatokea na wa Mombasa aliyefanyia mji huohuo. Ngojeni kesho mtaona namba ya wakala wa kupeleka wagonjwa Uturuki. Uzi wa namna hii huanza hivihivi.

Kisiki cha Mpingo
Hata mimi nilishangaa, kaombwa picha tangu mwanzo hajaweka.

Mdogo Mdogo
Chai ya maziwa kabisa, na vitumbua.

Binti wa Likoni
Mimi dalali? Nimetaja hospitali gani? Nimewaambia nililia miezi mitatu, nimewaambia macho yaligeuka zambarau. Ni dalali gani anayemtisha mteja hivyo? Mtu kaja na hofu yake mwamgeuza mwizi.

Babu wa Chumbageni
Ndiyo haya yanayowafanya watu wafe na siri zao. Ukisema ukweli nusu unaitwa mwongo, ukisema wote unaitwa mwongo mkubwa.

Jicho la Kunguru
Babu, watu wametapeliwa humu kwa machozi. Sitaomba radhi kwa kuuliza.

Mpambaji wa Temeke
Sikulazwa. Nilikuwa na miaka 14, nilichomwa ganzi sikioni, wakakata, wakashona, tukarudi na mama kwa daladala siku hiyohiyo, kanishikia kitambaa sikioni mpaka Tandika. Ndiyo maana kazini hufunga mtandio hata joto la Februari. Mwaka jana bibi harusi mmoja alinikumbatia kwa furaha, mkono wake ukagusa nyuma ya sikio, akasema dada umesahau pamba. Nikamwambia asante, nitaitoa. Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka wakaja kunigongea.

Akaunti nilifungua nyingine kwa sababu ile ya zamani wifi anaijua. Picha siweki. Anayetaka kuamini aamini.

Mdogo Mdogo
Nisamehe, dada.

Jicho la Kunguru
Sina la kuongeza. Ila namba ikitokea, nipo.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Dada, waandikie leo. Maneno mafupi: nina keloidi sikioni na kifuani, ya sikio ilikatwa ikarudi, mama au baba anazo au hana. Weka picha za pande zote. Waulize mambo haya: gegedu watatoa wapi, kama tundu wanaweza kuziacha wakafanya mwamba peke yake kwa kupitia ndani, na kovu likianza kunyanyuka ukiwa tayari Temeke nani atakuona. Hilo la mwisho watu hawaliulizi kabisa, na kule wewe unakaa siku kumi tu.

Mpambaji wa Temeke
Nimeandika nikafuta mara tatu. Nimetuma saa nne usiku.

Mpambaji wa Temeke
Wamejibu asubuhi. Hawakunifokea. Wanataka picha ya nyuma ya sikio na ya kifua, na barua ya daktari wa ngozi. Wamesema ubavu hawataugusa, sikio pia hawataki. Wakiona la ndani halitoshi, mwamba hautanyanyuka kama nilivyotaka, au hawatafanya kabisa. Zile euro 500 hazirudi ila tarehe inaweza kusogezwa mpaka miezi sita.

Tiketi sijaifuta. Msiniambie niifute, bado najua ninachokitaka. Ila naomba kuuliza: hizi sindano za kudunga kwenye keloidi, mtu anaanzia wapi hapa Dar?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Anzia kliniki ya ngozi, hospitali yoyote kubwa ya serikali, kwa rufaa ya kituo chako cha afya. Sindano ni za steroidi, zinadungwa ndani ya kovu kila baada ya wiki nne hivi, zaidi ya mara moja. Zinauma, nisikudanganye. Hospitali ya Mloganzila nako kuna upasuaji rekebishi, ukishapata barua waulize na wao wanaionaje hiyo pua, wakikushona hapa wakuone hapahapa. Na vua mtandio ukiingia kwa daktari.

Binti wa Likoni
Utaenda na nani?

Mpambaji wa Temeke
Mama. Nimemwambia jana usiku, yote, na habari ya pua. Alinyamaza sana, halafu akauliza kama kile kitambaa alichonishikia kwenye daladala ninakikumbuka, kumbe anacho mpaka leo. Jumatatu saa moja asubuhi tunapitia kituo cha afya kuchukua rufaa.